Jicho Lina Maji Yake

Asubuhi mama yangu alipopoteza jicho lake la kulia, tangi la maji lilikuwa karibu naye hivi kwamba kivuli chake kilimfunika mabega. Halikuwa tupu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeligonga kwa kifundo cha kidole nilipoamka, mchezo wangu wa kila siku, na nikasikia mahali ambapo bati huacha kulia wazi na kuanza kutoa sauti nzito. Hapo ndipo maji yalipofika. Mfereji wake ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Susu, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni akichagua mbegu za kunde. Mama aliomba maji. Susu hakuinua kichwa.

"Jicho lina maji yake," alisema.

Sidhani ningeyaandika haya kama si harufu. Juzi nilipita karibu na shule moja nje ya Tawa nikakuta wanaume wawili wakipunguza ua wa minyaa kabla ya mvua. Mnyaa, ule mti wa vijiti vya kijani ambao Wakamba tunauita ndau, ukikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na harufu yake ni ya ubichi mchungu, kama nyanya changa iliyopondwa juu ya mpira. Kabla sijajua ninachofanya, kiganja changu kilikuwa kimeshafunika jicho langu la kulia. Mmoja wa wale wanaume alicheka. "Mama, uko mbali, utomvu hauwezi kukufikia." Nilimtazama kwa jicho lililobaki wazi, nikaona kwamba nyuma yake hakukuwa na mtu aliyeshika maji.

Nyinyi wa rika langu mliokulia kwenye ukavu ule mnajua kwamba kiangazi hakikuwa wakati wa kupumzika. Ndio wakati boma lilipotengenezwa. Uwanja ulifagiliwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu, majani makavu yakachomwa mbali na nyumba ili nyoka wasipate pa kulala, samadi ikatolewa zizini kwa karai na kumwagwa shambani, kisha mbegu zikapandwa kwenye vumbi tupu, kabla hata wingu moja halijaonekana, ili mvua ikija ikute kazi imekwisha. Na ua ukapunguzwa. Ua ulikuwa kazi ya mwisho, kwa sababu vijiti vilivyokatwa viliachwa kivulini vikauke jeraha, halafu vikachomekwa penye mianya, na mvua ya kwanza ikavishika.

Boma letu lilikuwa kwenye mteremko chini ya Tawa, mahali ardhi inapoanza kuwa nyekundu na yenye mawe. Lakini mimi sikuzaliwa pale. Hadi meno yangu ya mbele yalipoanza kung'oka, tuliishi Sultan Hamud, chumba kimoja nyuma ya maduka, kwa sababu Baba alikuwa akiuza misumari na mabati kwenye duka moja la pale. Siku moja aliamua kwamba mke anafaa kukaa nyumbani kwa wazazi wa mume. Tulifika kwa Susu na godoro, jiko la mafuta ya taa na kioo cha Mama, kiangazi kirefu kikielekea kwisha.

Mama alikuwa mzaliwa wa juu ya Kikima, kwenye vilima vya Mbooni, ambako kijito kilipita nyuma ya jikoni lao na nguo zilizoanikwa asubuhi zililowa tena kwa ukungu. Susu hakumwita kwa jina. Alimwita mtu wa ukungu. "Mtu wa ukungu, mbuzi wamekunywa?" "Mwambieni mtu wa ukungu aje ale, ama kwao wanakula mawingu?"

Mimi nilikuwa na hali nyingine. Kwa desturi yetu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, kwa hiyo nilikuwa Kavata kama yeye, na Susu aliniita "mimi". Alisema, "Mimi, njoo ukae hapa." "Mpeni mimi kipande chenye mafuta." Nilikuwa mtoto wa kuamini maneno yalivyosemwa. Niliamini kwamba mimi na Susu tulikuwa mtu mmoja aliyegawanywa sehemu mbili, na kwamba siku moja ningeamka nikajikuta nimeketi kwenye kile kigoda, na mikono yake yenye mabaka, nikimsema mama yangu. Nilipomsikia akimtukana, nilifumba mdomo wangu kwa nguvu nione kama sauti itanyamaza. Haikunyamaza.

Wiki yetu ya kwanza, Mama aliamka mapema, akachota ndoo kwenye tangi, akaanza kunyunyizia uwanja maji kabla ya kufagia. Ndivyo walivyofanya kwao ili vumbi lisipande. Alinyunyiza kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayelisha kuku. Harufu ya vumbi lililolowa ilijaa boma lote, na mimi nikatoka ndani mbio nikidhani mvua imekuja. Susu naye alitoka.

"Nani amekojoa hapa?"

Shangazi Nthenya, dada mdogo wa Baba ambaye alikuwa bado hajaolewa, alicheka hadi akaegemea ukuta.

"Ni maji, Mwaitu," Mama alijibu. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na ndivyo alivyomwita mama mkwe wake mpaka mwisho. "Ya kushika vumbi."

"Ya kushika vumbi!" Susu alimgeukia Nthenya. "Umesikia? Vumbi letu linashikwa. Kwani limeiba?" Kisha akamtazama Mama kuanzia miguuni kwenda juu. "Kwenu mnawaosha na ng'ombe uso kabla ya kuwakama?"

Mama aliweka ndoo chini. Alisema hakujua. Susu alisema hilo ameshaliona.

Siku ya soko iliyofuata, Susu alienda Tawa na kurudi na kufuli jipya. Alilitia kwenye mfereji, akalivuta kupima, na ufunguo akaufunga kwenye kamba nyeusi akaivaa shingoni, ndani ya blauzi. Tangu hapo maji ya kupikia, ya kuoga na ya mbuzi yalitoka mtoni, kwenye mashimo tuliyochimba mchangani, yakaja kwa punda. Maji ya tangi, yaliyokuwa yamekingwa kutoka kwenye paa wakati wa mvua zilizopita, yakawa ya miche ya michungwa ya Susu. Miche hiyo ilisimama upande wa chini wa uwanja, kila mmoja katika duara lake la mawe, na kila jioni kila mmoja ulipata mkebe wake. Ilikuwa mizuri. Siwezi kusema vinginevyo. Katika boma lote lenye rangi ya matofali, hapo tu ndipo palipokuwa na kijani cha kutazama.

Nilimuuliza Susu kwa nini maji yamefungwa.

"Maji haya, mimi, yakiona mfereji uko wazi yatarudi Kikima. Na mama yako atayafuata."

Basi kila asubuhi, baada ya kugonga bati, nilitikisa na kufuli. Nilipolikuta limeshika nilifurahi, kwa maana Mama hangeondoka siku hiyo.

Baba alikuja mwisho wa mwezi. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijatoka vizuri, alinoa panga kwenye jiwe akaanza kupunguza ua upande wa juu. Hapo ndipo nilipojifunza jinsi kazi ile inavyofanywa. Hufanywa asubuhi hewa ikiwa imetulia. Mkataji huupa upepo mgongo. Panga hushuka, halipandi, na mkono uliogusa mti haugusi uso hadi uoshwe. Tena mkataji hakai peke yake: mtu husimama nyuma yake na kibuyu cha maji, hana kazi nyingine ila kusubiri.

"Mimi," Susu aliita, "shika kibuyu usimame nyuma ya baba yako. Usichezecheze."

Alivua kamba shingoni akampa Baba, na Baba akafungua mfereji, akajaza kibuyu, akaniwekea mikononi. Nilisimama nyuma yake asubuhi nzima. Tone moja lilimrukia karibu na mdomo. Aliinama tu na kunigeuzia uso, nami nikammiminia maji mpaka aliponiashiria kuacha. Nilijisikia mtu mkubwa. Baadaye nililazimika kujiuliza mara nyingi kama nilimwona akirudisha ile kamba. Nilimwona akifunga kufuli. Kurudisha kamba sikumbuki.

Jumapili tulienda kanisani, na baada ya chakula Baba akachukua mkoba wake arudi Sultan Hamud.

"Upande wa chini nitaumaliza mwezi ujao," alisema.

"Mwezi ujao mvua itakuwa imenyesha," Susu alisema. "Kwani hapa hakuna mke?"

Baba aliangalia viatu vyake. Vilikuwa vimepakwa rangi vizuri. "Ataumaliza," alisema.

Hakumweleza Mama lolote. Labda alidhani mama yake atamweleza. Labda alidhani ni jambo ambalo kila mtu huzaliwa akilijua, kama kutema kitu kichungu.

Jumatatu Mama alichukua panga kungali baridi. Alikuwa na hamu ya kumaliza. Susu alimwita arudi.

"Kwanza ufagie."

Alifagia. Alipomaliza, Susu alisema samadi iliyobaki zizini itolewe kabla haijaliwa na mchwa. Mama aliitoa, karai baada ya karai, hadi nywele zake zikawa na rangi ya zizi. Aliporuhusiwa kushuka kwenye ua, jua lilikuwa limeshapanda juu ya paa na upepo wa kiangazi umeamka, ule unaotoka bondeni ukipanda mteremko na kufungua milango.

Mimi nilienda nikatungua kibuyu ukutani.

"Susu, nipe ufunguo nijaze."

"Rudisha."

"Lakini Baba alisema—"

"Mimi, rudisha kibuyu mahali pake." Hakuwa na hasira. Alivuta mkono wa blauzi, akanionyesha madoa yanayong'aa kuanzia kiwiko kwenda juu, kama mafuta yaliyorukia ngozi. "Nilipoletwa hapa niliukata ua huu mzima, juu na chini. Uliza ni nani alinishikia maji. Hakuna. Na nilijua kazi."

Nilirudisha kibuyu. Kilining'inia pale, kitupu, na upepo ukakigongesha ukutani.

Mama alikuwa amesimama ndani ya ua, upepo ukimpiga usoni. Kwao Kikima nyua zilikuwa za majani ya kawaida, unakata upendavyo, na unakata kutoka chini kwenda juu ili tawi lisikuangukie. Hivyo ndivyo alivyokata. Alikuwa akiimba kimyakimya wimbo wa kanisani. Kila panga lilipopanda, utomvu uliruka, na upepo ukaukamata hewani na kumrudishia. Kutoka jikoni ilionekana kama anajipepetea unga.

Shangazi Nthenya, aliyekuwa akifunga madumu ili ampeleke punda mtoni, alisimama akatazama.

"Mwaitu, huyu amesimama vibaya."

"Ana miguu," Susu alisema. "Atasogea."

Hakusogea. Hakupiga kelele pia, si mara ya kwanza. Niliona panga likianguka, na nikamwona akijipangusa uso kwa mgongo wa mkono, mkono uleule uliojaa utomvu. Hapo ndipo aliposikika. Aliita jina langu. Nilidhani anamwita Susu, kwa kuwa jina lilikuwa la wote wawili, na kwa muda mfupi sote tulibaki tulipokuwa, kila Kavata akimngoja mwenzake.

Mama alipanda mteremko kwa magoti na mikono. Alikuwa amefumba macho yote mawili lakini alijua tangi liko wapi. Alifika, akapapasa bati, mikono ikashuka pete kwa pete hadi kwenye mfereji, na vidole vyake vikalikuta kufuli. Alilizungusha. Alilivuta. Halafu akalishika tu, kwa mikono miwili, kama anayemsalimia mtu.

"Maji, Mwaitu. Nakuomba maji."

Ndipo Susu aliposema lile neno la jicho. Mama aliendelea kuomba, na Susu, bado akitazama ungo wake, akaongeza, "Ufunguo uko na mume wako. Alienda nao. Unataka nikufungulie kwa meno?"

Safari hii Nthenya hakucheka. Alitikisa dumu moja baada ya jingine, lakini mbuzi walikuwa wamekunywa yote asubuhi. Alimtazama mama yake, akatazama tangi, kisha akatazama punda, kana kwamba punda ndiye angeamua.

Mimi nilikimbia. Nilivuka korongo hadi kwa Mama Kioko, jirani yetu mjane, nikamwambia Mama ameingiwa na ndau na maji yamefungwa yasirudi Kikima. Hakuniuliza maana yake. Alikuwa na maziwa ya mbuzi kwenye kikombe, akafunika kikombe kwa kiganja na kunifuata. Alimlaza Mama chali, akamfungua kope kwa vidole, akamimina. Maziwa yalijaa kwenye jicho yakatiririka hadi sikioni. Jicho la kushoto lilifunguka. La kulia lilifunguka pia, lakini halikutafuta kitu.

"Kavata," Mama Kioko alimwambia Susu, "hata mbuzi humnyimi maji."

"Mbuzi huzaa kila mwaka," Susu alisema.

Mama alikuwa na mtoto mmoja, msichana, na hakuna aliyekuwa pale asiyejua hilo.

Waliponipeleka kwenye zahanati pamoja naye, kwa sababu alihitaji bega la kushika, daktari wa pale aliinua kope, akatoa pumzi puani kwa kusikitika. Alisema lilipaswa kuoshwa palepale, kwa maji mengi, bila kuacha. "Hamkuwa na maji?"

"Ni kiangazi," Mama alijibu.

Nilimvuta nguo. Nilitaka kumkumbusha kuhusu tangi. Alinibana mkono mpaka nikanyamaza.

Jioni ya Jumatatu ile, Mama akiwa amelala na kitambaa usoni, nilishuka kuangalia michungwa. Udongo ndani ya yale maduara ya mawe ulikuwa mweusi, umelowa. Nimelichunguza jambo hili kwa miaka mingi na sitaki kulifanya kubwa kuliko lilivyo. Nthenya alikuwa amekwenda mtoni mchana na kurudi, na inawezekana Susu aliinywesha miche maji ya mtoni. Inawezekana. Sikuwahi kumwona akiinywesha maji ya mtoni kabla ya siku hiyo, kwa sababu alisema yana chumvi.

Jicho la Mama lilibadilika rangi polepole. Kwanza lilikuwa kama maji yaliyooshewa vyombo, kisha likapauka zaidi, hadi likawa na ule weupe wa uwanja wetu wakati wa adhuhuri. Watu walisikitika. Mimi sikusikitika sana, kwa kuwa nilijua kitu ambacho wao hawakukijua. Kila kitu bomani kilikuwa kimekauka. Nyasi zilikuwa zimekauka, vijiti vya ua vilivyochomekwa vilionekana kama kuni, na Susu mwenyewe alinihakikishia kwamba mvua ikinyesha vyote vitaamka. Nililiweka jicho la Mama kwenye orodha hiyo. Nilikuwa nikisubiri mvua kwa niaba yake.

Ilinyesha alasiri moja. Kwanza upepo ulikufa, kuku wakaingia wenyewe, kisha matone mazito yakatoboa vumbi la uwanja na kuacha vishimo. Tulisimama sote chini ya paa. Tangi lilianza kuunguruma, likajaa hadi likafurika, na maji yakapita mbele ya miguu yetu yakielekea korongoni, mengi, mekundu, hayana mwenyewe. Mama alinyoosha mkono akayakinga yaliyotoka kwenye ukingo wa bati. Alinawa uso. Nilimtazama kwa makini.

Baada ya siku chache kunde zilichomoza. Vijiti vya ua vikatoa ncha laini za kijani. Nikaenda kwa Mama, aliyekuwa akipalilia, nikamshika kidevu nikamgeuza.

"Mama, mvua imeshakuja. Mbona jicho halioti?"

Alinitazama kwa lile zima. Halafu akacheka, kicheko kirefu cha tumboni ambacho sikuwa nimekisikia tangu Sultan Hamud. Akacheka mpaka akaketi katikati ya mistari ya kunde, na kutoka kwenye jicho lile jeupe machozi yakatoka sawasawa na kwenye jingine. Kweli lilikuwa na maji yake.

Shangazi Nthenya alimpa jina wakati huo. Alimwita Tochi, kwa vile ina taa moja. "Tochi, njoo umulike hapa, sindano imeanguka." Susu alilipenda. Jina lilipita ua, likafika kanisani, likafika sokoni, na niliposhika darasa la kwanza, watoto ambao hawakujua jina langu waliniita mtoto wa Tochi. Mama aliliitikia. Nilimchukia kwa kuliitikia, na yeye alijua.

Baba aliporudi mwisho wa mwezi, Mama alimwekea chakula, akasimama mbele yake kwenye mwanga wa mlango ili aone. Aliona. Kijiko kilikaa hewani.

"Wakati ule ulipoenda," Mama alianza, "ufunguo wa—"

"Nilikuwa nao mimi," Baba alisema. Alisema upesi, swali likiwa bado nusu. Aliingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo, akauweka mezani kando ya sahani. "Nilisahau kuurudisha."

Susu, kwenye kigoda chake, alisema, "Si nilisema?"

Mama aliutazama ule ufunguo. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kando ya meza, macho yangu sawa na ukingo wa mbao, kwa hiyo niliuona vizuri kuliko yeyote. Ulikuwa unang'aa. Haukuwa na kamba.

Baba alikula. Kutoka mwaka uliofuata, Mama alikata ua wote mwenyewe, juu na chini, alfajiri, upepo mgongoni, na nyuma yake alinisimamisha mimi na kibuyu. Alikijaza mtoni mwenyewe siku iliyotangulia, akakificha chini ya kitanda.

Michungwa ilizaa nikiwa darasa la juu. Chungwa la kwanza Susu alilikata vipande, akampa kila mtu. Kipande cha Mama alikiweka kwenye sahani, akakiacha juu ya karai lake la kufulia, bila kumwita. Mama alikikuta. Alimpa mbuzi.

Baba alifariki, Nthenya akaolewa mbali, Kitui, na Susu akazeeka hadi akawa mwepesi kama ungo. Siku zake za mwisho hakuweza kuinua kikombe, na Mama ndiye aliyemnywesha maji kwa kijiko, akimfuta kidevu. Niliwahi kusimama mlangoni nikawasikiliza. Kijiko tu ndicho kilichosikika kikigonga kikombe. Alipokufa, Nthenya alikuwa bado njiani, kwa hiyo aliyemwosha na kumvika ni Mama, peke yake, mlango umefungwa.

Mwaka uliofuata nilimuuliza Nthenya. Tulikuwa tumeketi kwake, naye amekuwa mama mzima mwenye kisukari na sauti ya chini. Nilimuuliza kama ufunguo ulikuwa kwa Baba kweli.

"Kaka yangu hakuwa mwongo," alisema. Akapanga na kupangua mikunjo ya leso yake. "Lakini Kavata, nawe umeshanunua kufuli. Kufuli gani linatoka dukani na ufunguo mmoja?"

Nilimuuliza basi ule wa pili ulikuwa wapi asubuhi ile. Alisema hakuuona. Alisema yeye alikuwa akitazama punda.

Nami nimejiuliza nilichokiona kwa macho yangu mwenyewe, na ni hiki: Mama alipokuwa ameshika kufuli kwa mikono miwili, Susu aliinamia ungo wake, na shingoni mwake, chini ya kisogo, kulikuwa na kamba nyeusi. Hiyo niliiona. Kilichokuwa mwishoni mwa kamba kilikuwa ndani ya blauzi.

Juzi, baada ya harufu ile, nilipitia nyumbani. Tangi la bati lilitoboka zamani na mahali pake pana la plastiki, mfereji wake uko wazi. Mama alikuwa nje, ameshanoa panga. Bado hataki mtu mwingine aguse ua. Nilijaza jagi, nikasimama nyuma yake kama kawaida, na jua lilipopanda akapumzika nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kuthubutu. Siku alipomwosha Susu, je, ile kamba ilikuwa bado shingoni?

"Ilikuwepo," alisema.

"Ilikuwa na nini?"

Alichukua jagi mikononi mwangu, akanawa viganja, kimoja kwanza, kisha kingine. Halafu akagusa kope ya jicho lake la kulia kwa kidole chenye maji.

"Nilimwosha nikiwa nimemgeuzia upande huu," alisema. "Nilivyomkuta ndivyo nilivyomzika."